Dakika Mbili za Selo

Ukienda katika kanisa la Wakongo pale Kansanga ukanunua kanda yetu, utapata nyimbo tatu nzima na kipande cha wimbo wa nne. Kipande hicho ni selo peke yake. Inaanza chini kabisa, inapanda polepole, inatulia kidogo kama mtu anayevuta pumzi, halafu inakatika. Upande wa pili wa kanda ni mtupu. Watu wengi wamezirudisha kanda zao. "Nnyabo, mama, hii yenu imekufa," wanasema, wakitaka nyingine, na hiyo nyingine nayo inakatika palepale.

Kanda haijafa. Nitaeleza ilivyokuwa. Kwenye daftari langu nimeshaieleza mara tatu, na mara zote tatu nilijipendelea.

Mimi ni mtoto wa soja. Tunakaa Makindye, karibu na kambi. Baba ni mtu wa kaskazini, mama si wa huko, kwa hiyo nyumbani lugha yetu ni Kiswahili, kile cha kambini, cha "wewe natoka wapi saa hii?" Shuleni Kiswahili kilinifanya nichekwe. Walisema ni lugha ya masoja na wezi. Mimi sikujibu. Mimi sijibu mambo mengi. Niliwahi kukaa darasani na haja ndogo tangu asubuhi mpaka kengele ya chakula kwa sababu kuomba ruhusa kunataka kuinua mkono, na ukiinua mkono watu wote wanageuka.

Nilipokuwa kidato cha pili akaletwa msichana kutoka Bukavu. Mwalimu alimsikia akizungumza, akamkalisha na mimi. "Nyinyi wawili mtaelewana," akasema, na darasa likacheka.

"Weye uko mutu ya wapi?" akaniuliza kabla hata hajafungua mfuko wake.

"Wa hapa."

"Hapana. Hakuna mutu ya hapa. Kila mutu alitoka fasi ingine."

Alikuwa na vidole virefu, na ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa ngumu kama kisigino. Nilidhani amefanya kazi ya shamba. Aliponiona naangalia akacheka, akanishika kidole akakibonyeza kwenye kile kigumu chake. "Ni selo," akasema. "Kuya Jumapili utaona."

Hivyo ndivyo nilivyolijua kanisa lao, na hivyo ndivyo nilivyomjua mjomba wake, ambaye wote walimwita tonton, nami nikamwita hivyohivyo. Tonton ndiye aliyemlea, pamoja na mama yake, baada ya baba yake kufa. Huko kwao alifundisha fidla katika shule ya misheni. Hapa alikuwa akishona viatu mchana, na jioni alikuwa na kundi. Siku ya kwanza nilipokwenda nyumbani kwao alinipakulia ugali na sombe, kisamvu chao, akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani.

"Ni askari."

"Eh. Na sasa iko wapi?"

Nikaangalia sakafu. Wakati ule baba alikuwa ametumwa huko, upande wa kwao, na bunduki yake. Kijiko cha tonton kilibaki hewani.

"Basi kula," akasema, akaniongezea sombe.

Hakuna aliyeniuliza tena, siku hiyo wala nyingine yoyote. Walinipa fidla yenye nyuzi tatu, na wa nne tonton akauweka mwenyewe, uzi mmoja aliouchomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Alinifundisha mwaka mzima bila kunipigia kelele. Nikikosea, rafiki yangu ndiye aliyenifokea: "Mutoto ya soja, kamata upinde sawa mutu, si sawa rungu!" "Sawa" kwao ni "kama". Tulicheka sana. Sijawahi kucheka vile mahali pengine popote.

Kundi lenyewe lilikuwa hivi: fidla tatu pamoja na yangu, selo ya rafiki yangu, na gitaa la umeme la tonton, jekundu, lililochubuka, nyuzi zake nazo ni waya za breki. Nyuzi zetu zilipiga mambo marefu, ya polepole, kama misa. Ukishazoea, gitaa linaingia na sauti ya bati linaloburutwa barabarani. Mara ya kwanza niliposikia nilitaka kuziba masikio. Mara ya pili nikaona machozi yananitoka, sijui kwa nini. Wazee wa kanisa hawakupenda.

"Tonton, tuambie," mzee mmoja alimwuliza mbele ya watu, "hii muziki ni ya misa ama ni ya baa?"

"Ni ya mutu asiyekuwa kwabo," tonton akajibu, akaendelea kukaza nyuzi zake. Mzee yule naye hakuwa kwao. Akaondoka.

Tulikuwa na nyimbo nne tu. Tatu za kundi lote, na ya nne tonton aliitunga kwa ajili ya rafiki yangu. Katika hiyo sisi wa fidla tunakaa kimya. Selo inazungumza, gitaa linaijibu, basi.

Halafu orodha ikatoka. Watu wanaoshughulikia wakimbizi walikuwa wameiita familia yao mara nyingi kwa mahojiano ya kupelekwa nchi za baridi, miaka, mpaka sisi wote tukaacha kuamini. Jumatatu moja wakaambiwa: wanaondoka Jumatatu ijayo. Mama yake, yeye, na wadogo zake wawili. Tonton hakuwemo. Faili lake lilikuwa jingine.

Rafiki yangu aliniambia darasani, wakati wa hesabu, kwa kuandika pembeni ya daftari langu. Nilisoma nikaendelea kunakili hesabu za ubaoni. Nilinakili zote, hata ile mifano.

"Selo inabakia," akaniambia tulipotoka. "Ni ya kanisa. Bazee walisema kama ni mavazi nibebe, lakini selo hapana." Aliongea haraka, macho yakiwa barabarani. "Na kule sijue kama kuko selo. Pengine hakuna. Pengine nitazeeka sijashika tena. Basi miye nataka niende na sauti yangu. Nyimbo zote ine. Lakini hasa ile ya mwisho, njo yangu."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na kila mmoja wetu alilijua. Jumatatu ataondoka. Kabla ya hapo selo yake iingie kwenye kanda. Gitaa linaweza kungoja, tonton hakuwa anakwenda popote. Kanda ikikamilika atatumiwa.

Fundi wa redio wa pale Kansanga, Muganda mmoja mnene, mcheshi, alikuwa na mashine ya kurekodia. Mashine ile ilikuwa na vyumba vinne ndani ya kanda moja, kwa hiyo unaweza kuweka sauti hii leo, na ile keshokutwa juu yake, zikasikika pamoja. Alikubali kwa sababu tonton alimshonea viatu vya watoto wake wote.

"Nyuzi kwanza," alisema fundi, "gitala baadaye. Hii gitala yako, ssebo, bwana, ikilia humu ndani hatutasikia hata Mungu."

Jumamosi mchana tukaenda. Chumba kilikuwa nyuma ya duka lake. Alikuwa ameegemeza magodoro ukutani na kutundika mablanketi mlangoni, joto likawa kama la tanuri. Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Nilikosea mara moja tu, tukarudia. Tulipomaliza ya tatu fundi akafungua mlango ili tupumue, na hapohapo feni ikasimama. Umeme ulikuwa umekwenda.

Tulingoja. Tonton alitoka akaangalia nyaya za barabarani kana kwamba zitamwambia kitu. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Jumapili fundi hakuwa na nafasi, alikuwa na harusi ya ndugu yake. Jumatatu ni safari. Rafiki yangu alikuwa amekaa sakafuni, selo imemlalia begani.

Mwishowe fundi akaenda gereji ya jirani, akarudi amekumbatia betri iliyotolewa kwenye pikapu moja iliyokuwa imesimama pale majuma mengi.

"Iko na moto kidogo," akasema. "Wimbo moja inatosha. Lakini msichezecheze."

Mara ya kwanza rafiki yangu alipoanza kupiga, bodaboda akapiga honi chini ya dirisha. Mara ya pili mchomeleaji wa vyuma wa jirani akaangusha bomba. Fundi akasonya. "Kale, haya. Mimi natoka nje. Nasimama kwa mlango, na mtu akikohoa namchapa." Akageuka akaniangalia mimi, kwa kuwa wenzangu wawili wa fidla walikuwa wameshakwenda zao na mimi sikuwa na la kupiga. Akanikalisha kwenye stuli mbele ya mashine. "Wewe mkimya, hii kazi yako. Unaona hii taa nyekundu? Ikianza kufifia, betri inakufa, na mashine inaenda polepole. Ikififia usiongee, usipige kelele. Inua mkono tu. Yeye atasimama, tutatafuta betri nyingine. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akatoka. Tonton alikaa pembeni, ameshika gitaa lake lisilo na umeme, akimfuatisha kwa vidole tu bila kutoa sauti. Rafiki yangu akafumba macho, akaanza.

Sitaweza kuueleza wimbo. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimemsikia akiupiga labda mara hamsini, na siku ile haukuwa ule. Alikuwa anapiga kama mtu anayefunga mizigo, anachukua kila kitu, haachi hata kijiko. Joto lilikuwa linamtiririsha jasho mpaka kidevuni na hakulipangusa. Nikageuka nikamwona tonton. Uso wake ulikuwa umelowa, na halikuwa jasho.

Niliporudisha macho kwenye mashine, taa ilikuwa imefifia.

Si kwamba ilizima. Ilikuwa nyekundu, ikawa ya rangi ya matofali. Wimbo ulikuwa haujafika nusu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya goti. Nakumbuka niliuangalia. Nilijua nifanye nini, mtu asiniambie sikujua. Nikajiambia, pengine itarudi. Nikajiambia, ameshaharibiwa mara mbili, mara ya tatu niwe mimi? Nikajiambia, hawa watu wamenilisha, na baba yangu yuko kule kwao, leo mimi ndiye nimsimamishe mtoto wao? Taa ikawa ya kahawia. Gurudumu dogo la kanda lilikuwa linazunguka taratibu zaidi, niliweza kuhesabu meno yake. Mkono haukuinuka.

Akamaliza. Alibaki na upinde hewani muda mrefu. Fundi akachungulia kupitia blanketi.

"Taa vipi?"

"Sawa," nikasema.

"Ilikuwa sawa mpaka mwisho?"

"Ndiyo."

Hatukuisikiliza, fundi alitaka kurudisha betri kabla mwenye pikapu hajajua. Rafiki yangu alinikumbatia na mwili wake mzima uliolowa. "Umeona?" akaninong'oneza. "Umeona ile? Sijapata kupiga vile."

Jumatatu asubuhi gari lilikuja kuwachukua nyumbani kwao. Alikuwa amevaa koti zito la mtu mzima, jasho tena, na wadogo zake makoti yaleyale, na majirani wakiwatania kwamba baridi imeanzia Kansanga. Alinipa kile kipande cha utomvu anachopakia upinde, amekifunga kwenye kitambaa. "Mambie tonton asikawie na gitaa," akasema. Sikulia. Nililia Jumatano.

Jumatano umeme ulikuwepo. Tonton alikuja na gitaa lake, kipaza sauti kikawekwa dukani kwa fundi, penye hewa. Nyimbo tatu za kwanza gitaa lilikaa juu ya nyuzi kama jani juu ya maji yanayochemka, lilikuwa jambo zuri, fundi alipiga makofi peke yake. Kisha wa nne.

Mwanzo ulikuwa sawa. Baadaye kidogo tonton akakunja uso. Akasimama, akakaza nyuzi, akaanza tena. Palepale akakunja uso. Selo ilikuwa inapanda. Kila sauti ilikuwa juu kidogo kuliko iliyotangulia, na kila mpigo ulikuwa na haraka kidogo, na kufika katikati ilikuwa inakimbia huku ikipiga yowe, kama mtu anayekimbizwa mlimani. Fidla ingeweza kuifuata, kwa kuwa shingo ya fidla ni laini na kidole kinateleza kitakako. Gitaa lina vyuma shingoni. Kila sauti ina chumba chake, na selo ilikuwa inapita katikati ya vyumba.

Tonton alidhani ni waya zake za breki. Akazikaza upya mara nne. Mmoja ukakatika ukamchanja kidole. Akaifuta damu kwenye suruali, akaweka mwingine.

"Pengine betri," akasema fundi. "Mashine ikirekodi polepole, ukiicheza kwa mwendo wa kawaida sauti inapanda, inakimbia. Lakini taa ilikuwa sawa. Huyu binti aliiangalia." Akanigeukia. "Si ilikuwa sawa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Tonton aliweka gitaa chini.

"Basi ni ye," akasema. "Selo haina vyuma. Mutoto alikuwa na moyo ya safari, akapanda, akakimbia. Miye sikusikia, miye nilikuwa nalia sawa mujinga." Akarudia taratibu, kana kwamba anajifunza neno jipya: "Alikimbia."

Nilikuwa pale, mita mbili kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo.

Jumapili ile ya kwanza rafiki yangu alipiga simu, kwenye simu ya mkononi ya tonton, baada ya ibada. Niliwasikia uani, upande mmoja tu. "Mumefika? Mungu asifiwe. Eh. Eh. Ya ine? Hapana, ya ine hapana. Ulikimbia, mama yangu. Ulipanda juu sana. Hapana, sijakasirika. Ni safari. Mutu yeyote angekimbia." Alikuwa anamsema kwa upole sana. Nilikwenda nyuma ya choo nikasimama pale mpaka watu wakaisha.

Nyumbani mama aliona siku hiyohiyo. Mama ana macho ya mke wa soja, anajua nani ana siri kwa jinsi anavyokunja nguo. Alinivumilia majuma mawili. Jioni moja tulikuwa tunaanua nguo, akaacha kamba.

"Wewe naficha nini?"

"Hakuna."

"Haya. Huyo Hakuna amekula wali yako siku ngapi sasa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, taa, mkono, lile "sawa" la kwanza na la pili. Hakunikatiza. Alikuwa na shati la kazi la baba mkononi, la siku nyingi, hulifua hata kama halijavaliwa. Nilipomaliza akaniuliza:

"Baba yako akiwekwa lindo, akaona kitu, akanyamaza, wanamfanya nini?"

"Wanamfunga."

"Wanamfunga hata kama alinyamaza kwa sababu wenzake wamelala vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi. Wewe uliwekwa lindo." Akaendelea kukunja. "Kesho unaenda kwa huyo mzee. Na usiangalie chini, mwanangu, bambi. Mtu akiungama anaangalia chini, anaonekana kama anatafuta hela."

Niliangalia chini. Tonton alikuwa kwenye kibanda chake cha viatu, ana kiatu cha mtoto wa shule mapajani. Nikasema: "Taa ilififia."

"Taa gani?"

"Ya mashine. Wimbo haujafika nusu. Niliona. Sikuinua mkono."

Sindano ikasimama.

"Na ulisema sawa."

"Ndiyo."

"Mara mbili."

"Ndiyo."

Mtu akapita akauliza kiatu chake, tonton akamwonyesha kwa kidole bila kugeuza kichwa. Kisha akaniuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Kwa nini?"

"Sikutaka kumkatisha." Nikaona haitoshi. Nikatoa lile nililokuwa nimeliandika kwenye daftari mara zote tatu, lile linalopendeza. "Na kwa sababu ya baba. Kwa sababu baba yuko kule kwenu. Niliogopa kuwa mimi ndiye—"

"Nyamaza." Hakuwahi kunipigia sauti kabla ya siku hiyo. "Usimutie baba yako mu hii. Baba yako hakuwa kwa mashine. Kwa mashine ulikuwa weye."

Ni kweli. Nimelifikiria sana tangu siku ile na ni kweli. Kama baba angekuwa mwuza ndizi, mkono wangu ungebaki juu ya goti vilevile. Niliogopa kugeukiwa. Ni hilo tu, na ni dogo mno kuliko kilichoharibika.

Tulikwenda kwa fundi pamoja, tonton akiwa mbele. Fundi hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alisema "Maama!" mara moja tu, akawasha mashine. Ina kidude cha kupunguza na kuongeza mwendo. Akajaribu kukishika kwa mkono na kukirudisha nyuma polepole kadiri selo inavyopanda, ili aishushe. Alijaribu mchana mzima, ulimi ukiwa umemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Selo ikayumba kama mlevi. Akazidisha, ikazama, akapunguza, ikaruka. Na wakati wote ule niliisikia, chini ya ule ulevi, jinsi alivyoupiga mwisho wake. Aliupiga sawasawa. Hakuna aliyekuwa amekimbia.

"Ssebo, mimi nimeshindwa," fundi akasema. "Dakika mbili za kwanza ziko safi. Kutoka hapo, hapana."

Tonton alitia mikono kati ya magoti.

"Ungemukatisha mara moya," akaniambia, "angeanza tena. Angekuwa na hasira kidogo, angeanza tena. Sasa miye njo nitamukatisha." Akamwambia fundi: "Kata pale."

"Na gitala?"

"Gitaa hapana. Nitapiga nini juu ya kitu cha dakika mbili? Acha yeye peke."

Hivyo ndivyo kanda ilivyokuwa fupi. Kuna watu wanaoisifu, vijana wa chuo wanaopita Kansanga, wanasema mwisho ule ni ufundi, ati tonton ni mtu wa mawazo. Tonton anawashukuru.

Tulipokuwa tunatoka kwa fundi nilimwuliza kama atampigia simu amweleze. Akatikisa kichwa.

"Miye sitamuambia. Nilishamuambia uongo wako mara moya, bila kujua. Ya kweli utamuambia weye."

Kanda ilikwenda na familia nyingine iliyopata safari. Ikachukua zaidi ya mwezi. Jumapili moja baada ya ibada simu ya tonton ikalia, akasikiliza kidogo, akanikabidhi, akasimama pale pale.

"Allo?"

"Ni miye." Sauti yake ilikuwa karibu sana, kama yuko nyuma ya mlango. "Uko unaongea sawa panya. Ongea!"

"Ninaongea."

"Nimepata kanda. Mumenikata."

"Ndiyo."

"Nilijua. Tonton alisema nilikimbia, basi nilijua mutanikata. Lakini kusikia..." Nikasikia mtu nyuma yake akifungua maji. "Unajua huku ku masomo kuko selo? Iko, mu kabati, ya kila mutu. Mwalimu alinipatia siku ya kwanza. Nikamwambia sijue kupiga."

"Kwa nini?"

"Nitapiga nini? Mutu anaharibu wimbo yake mwenyewe, siku ya mwisho, mbele ya tonton. Niko naona mikono yangu, nasema hii mikono ilikimbia."

Tonton alikuwa ananiangalia. Watu walikuwa wanapita kati yetu wakisalimiana, akina mama na vitenge vyao vya Jumapili, na wengine waligeuka kwa sababu nililia kwa sauti. Wakageuka wote. Nikasema hivyohivyo.

"Hukukimbia. Betri ilikuwa inakufa. Mimi ndiye niliyekuwa ninaangalia taa, niliiona inafifia, niliambiwa niinue mkono, sikuinua. Fundi akaniuliza nikasema sawa. Tonton akasema umekimbia, na mimi nilikuwa hapo, sikusema."

Maji kule yalifungwa.

"Uliona taa."

"Niliona."

"Mbele nifike hata nusu."

"Ndiyo."

"Na nilipokukumbatia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa ninajua."

Nilingoja anitukane. Ana matusi mazuri, ya Kiswahili na ya Kifaransa, nimeyasikia.

"Mwisho wake," akauliza, "ulisikia mwisho wake?"

"Nilisikia. Ulikuwa sawa. Wote tulisikia, na tonton. Ulipiga sawa mpaka mwisho."

"Basi sikukimbia."

"Hukukimbia."

Alipumua. Nikataka kumwuliza kuhusu baridi, na mama yake, na wadogo zake, kama bado wanavaa yale makoti. Nilikuwa na maswali mengi, nilikuwa nimeyaandika.

"Mupe tonton simu," akasema.

Nikampa. Tonton akaenda nayo mpaka karibu na lango, wakazungumza kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo mimi siijui hata neno. Walizungumza kwa muda mrefu kuliko tulivyozungumza sisi. Mara moja nilimwona anainua mkono wa kushoto hewani, anachezesha vidole, anamwonyesha mtu ambaye hamwoni.

Aliporudi simu ilikuwa imeshakatwa.

"Kesho atashika ile selo," akasema.

Nilisimama nikingoja, nikidhani kuna neno la kwangu pia. Akatia simu mfukoni, akaingia kanisani kufungasha gitaa.